Siku za Mvua Nyingi: Kwa Nini Tusiingie Shambani, na Kazi Gani Tufanye

Ninyi watu wa vijiji vya Masisi, na Walikale, na Kalehe, mlio karibu na machimbo, na ninyi mnaolima kati ya mawe hapa Goma, leo nataka kusema nanyi habari ya mvua. Si habari ya mvua kukosa. Ni ile mvua inayonyesha siku 3 ao 4 pasipo kupumzika, na mkulima anakaa mlangoni, jembe limesimama ukutani, na magugu yanakua mbele ya macho yake.

Najua moyo wa mtu siku ile. Mama anawaza: Magugu yatameza maharagi yangu. Baba amerudi toka machimbo, maana shimo limejaa maji na hakuna mtu anayeshuka. Amechoka kukaa bure. Basi mvua ikipunguka kidogo tu, wote wawili wanaingia shambani na majembe, na majani yangali yanadondosha maji. Jirani wanawasifu, wanasema: Tazameni watu wa juhudi. Lakini mimi nawaambia, siku ile watu hawa wanaharibu mambo mengi kuliko kama wangelala kitandani.

Fikirini kwanza habari ya majira. Katika Ulaya, toka mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2, baridi ni kali hata maji yanaganda ndani ya udongo. Theluji inafunika bustani, na jembe halipiti. Mkulima wa kule hana shauri lingine: anakaa nyumbani, ananoa vyombo vyake, anachagua mbegu, anangoja. Kwetu hakuna majira ya kufunga shamba namna ile. Mvua ya kwanza huanza mwezi wa 9, inaendelea mpaka mwezi wa 12. Ya pili huanza katikati ya mwezi wa 2, inakwisha mwezi wa 5 ao mwanzo wa mwezi wa 6. Mwezi wa 4 na mwezi wa 11 ndiyo yenye maji mengi kupita yote. Na hiyo ndiyo miezi ambayo maharagi na viazi vyetu viko shambani vinataka mkono wa mtu. Mvua inafunga mlango leo, inafungua kesho, inafunga tena kesho kutwa. Mkulima wa Ulaya hana jaribu, maana theluji imemkataza kwa nguvu. Sisi mvua haitukatazi kwa nguvu. Inatuachia kuingia, na hapo ndipo tunapokosa.

Kwa nini ni kosa? Chukueni udongo mzuri mkononi, mwuvunje, mwutazame. Ndani yake mna vitundu vidogo visivyohesabika. Vingine vinashika maji, vingine vinashika hewa. Mzizi unakunywa katika vile, unapumua katika hivi. Sasa mkumbuke kazi ya mama mfinyanzi. Kabla ya kuunda chungu anafanya nini? Anatia maji katika udongo, anaukanda na kuukanyaga kwa miguu, mpaka vitundu vyote vimekwisha, ili chungu kisivuje. Basi wewe ukiingia shambani siku ya mvua, unafanya kazi ya mfinyanzi. Unakanyaga, unakanda. Jua likirudi, mahali pale panakauka kama tofali. Mvua ya pili ikija haipati njia ya kuingia. Inapita juu, inashuka bondeni pamoja na udongo wako ule mweusi wenye mafuta. Na mizizi chini ya nyayo zako inakosa pumzi. Nimeona katika shamba moja maharagi mafupi, ya rangi ya manjano, yaliyosimama kwa mstari mmoja kutoka njia mpaka kwenye mti wa avoka. Nikauliza ni ugonjwa gani. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa njia ya watu waliokimbilia mti siku ya mvua.

Tena kupalilia siku ya mvua ni kazi ya kucheka. Gugu ulilokata, ukaliacha juu ya udongo uliolowa, halifi. Linashika mizizi tena, na baada ya siku 5 limesimama. Hukupalilia, umehamisha magugu tu, kama mtu anayepanda miche.

Basi mtu atajuaje kama udongo umekuwa tayari? Usiulize mawingu, uliza udongo wenyewe. Chimba kidogo kwa urefu wa kidole, chukua konzi moja, ufinye kwa nguvu, kisha fungua mkono. Ukikuta donge, uligonge kwa kidole gumba. Likivunjika vipande vipande, ingia, fanya kazi. Likibonyea tu kama ugali, ao likiacha mkono wako unang'aa maji, rudi nyumbani. Jaribu hilo lifanyeni katika kila shamba, si katika moja tu, maana udongo wa nchi hii si wa namna moja. Upande wa Rutshuru, mahali palipoanguka majivu ya milima ya moto, maji yanapita upesi, na mara nyingi unaweza kuingia siku ileile. Udongo mwekundu wa kunata, ule wa vilima vingi vya Masisi na Kalehe, unashika maji siku 2 ao 3.

Hapa Goma mambo ni mengine kabisa. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1977, na tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, na tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021. Watu wengi wanalima juu ya mawe ya moto ule, ao ya moto wa zamani zaidi. Udongo ni kidogo. Mwingine mmeuleta ninyi wenyewe kwa kikapu, mkaujaza kati ya mawe. Ukiukanyaga umelowa, unausukuma ndani ya nyufa za jiwe, nao hautarudi. Lakini mawe yale yale ni msaada. Pangeni matuta yenye upana wa meta 1 na nusu meta isiyotimia, yaani meta 1 na sentimeta 20, mkiweka mawe pembeni na njia ya mawe katikati ya matuta. Mtu akisimama njiani, mkono wake unafika katikati ya tuta toka upande huu na toka upande ule. Hana haja ya kuweka mguu juu ya udongo hata mara moja, masika yote. Watu wa vilimani wasio na mawe waweke nyasi kavu nyingi ao majani ya ndizi katika njia.

Sasa nasema habari ya mikono na nguo, na hapa nitasema kosa langu mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya monitere, nilikuwa na daftari jipya na haraka nyingi. Wakubwa walikuwa wanakuja kutazama mashamba ya maharagi ya kijiji kimoja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nikaita mama wote, nikasema: Palilieni, magugu yasionekane. Mama mmoja mzee, mwana wake akiwa machimboni, akaniambia: «Mwanangu, maharagi hayashikwi yakiwa na maji. Mama yangu hakuyashika, na mimi siyashiki.» Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya kale. Nilikuwa na miaka 21. Akanyamaza, akachukua jembe, akaingia kwa sababu ya heshima ya kazi yangu, si kwa sababu ya akili yangu. Walianza shamba la chini, ambalo lilikuwa na ugonjwa kidogo nisioujua, wakapanda mpaka shamba lake la juu, lililokuwa safi.

Wakubwa walipita, wakasifu. Baada ya siku zisizotimia 10, mishipa ya majani katika shamba la juu iligeuka myeusi upande wa chini. Kisha maganda yakatoka vidonda vya mviringo, vyenye shimo katikati, rangi ya kahawa na ukingo mwekundu. Mwezi wa 1 yule mama alivuna kikapu kimoja mahali alipozoea kuvuna 4, na punje zake zilikuwa na madoa, hazikufaa kuwa mbegu. Mwezi wa 3 alikopa mbegu sokoni. Mwana wake alilipa deni lile kwa franka za machimbo, na mimi sikuthubutu kumtazama usoni.

Ugonjwa ule unaitwa antraknozi. Unaletwa na kuvu, kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Mbegu zake zinakaa juu ya kidonda, zimeshikamana kwa ute. Ute ukiwa mkavu, mbegu hazitoki; hata ukipita, hazikufuati. Ute ukilowa unayeyuka, na mbegu zinashika mkono, sketi, jembe, mguu wa mbuzi, kila kitu kinachopita. Matone ya mvua yanazirusha mche kwa mche, lakini tone halirushi mbali. Mtu ndiye anayezichukua toka shamba la jirani mpaka kwake. Ndiyo maana yule mama alikuwa na haki, ijapokuwa hakujua habari ya kuvu. Ngojeni umande na mvua vikauke juu ya majani, hata ikiwa ni saa 5 ya mchana. Anzeni na shamba lililo safi, mmalizie na lenye ugonjwa, wala si kama nilivyoamuru mimi. Na fito za maharagi ya kukwea, msizirudishe shambani zingali mbichi za uchafu wa mwaka jana. Zikaushwe vizuri juani kwanza, na zile za shamba lenye ugonjwa ziwe kuni.

Neno dogo kwa watu wa karibu na mlima. Mlima ukitoa moshi mwingi, mvua inayopita katika moshi ule inakuwa kali, na inaweza kuacha madoa ya kuungua juu ya majani. Hayo si antraknozi, wala hayaambukizi. Msing'oe shamba kwa ajili yake.

Katika habari ya viazi, nakubali kwamba shauri ni gumu zaidi. Adui wa viazi wakati wa mvua na baridi ni mildiyu. Majani yanapata madoa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na asubuhi, upande wa chini wa jani, unaona unga mweupe kuzunguka doa. Ugonjwa huu haungoji mkono wa mtu. Unachukuliwa na upepo, na shamba zima linaweza kuanguka katika siku chache. Katika nchi ya Ireland ulianza mwaka 1845. Watu masikini wa kule walikuwa wakila viazi karibu peke yake, na katika miaka ile ya njaa watu kama milioni 1 walikufa, na wengine milioni 1 walihama nchi. Basi msicheke na mildiyu. Dawa ya mankozebu, ao dawa ya shaba, inamwagwa kabla ugonjwa haujaenea, juu ya majani makavu, mvua ikiwa imeacha nafasi ya saa kadhaa. Ukimwaga juu ya majani yaliyolowa na mvua inarudi, umemwaga fedha yako katika mtaro. Kwa hiyo mtu wa viazi anaweza kuingia udongo ukiwa na maji, ikiwa majani yamekauka, lakini apite katika njia zenye nyasi tu, asiguse matuta. Vaa nguo ndefu, funga mdomo na pua, na nawa kwa sabuni kabla ya kula. Na kabla ya hayo yote, inueni udongo juu ya shina mapema, wakati wa siku kavu, ili mvua isioshe ugonjwa toka majani mpaka kwenye viazi vilivyo chini.

Tena kuna radi. Wenye elimu walihesabu kwa chombo kilicho juu angani miali ya radi ya dunia yote, na mwaka 2016 walitangaza kwamba mahali pa kwanza katika Afrika ni Kabare, kusini ya ziwa letu. Mtu aliyesimama peke yake kilimani, ameinua jembe la chuma, anafanana na mti. Mkisikia ngurumo, tokeni. Na msijifiche chini ya mti ule wa avoka.

Sasa mtaniuliza: Basi tukae tu? Hapana. Kazi ni nyingi, lakini haziko katikati ya shamba.

Kazi ya kwanza ni kutazama maji. Watu wengi wanachimba mitaro wakati wa kiangazi, wakikisia maji yatapita wapi. Siku ya mvua maji yenyewe yanakuonyesha. Jifunike, zunguka pembeni ya shamba, juu kwanza. Maji yanaingilia wapi? Yanakusanyika wapi? Mahali gani yamegeuka mekundu, yaani yamebeba udongo? Choma kijiti kila mahali. Udongo ukikauka, fuata vijiti vyako, chimba mtaro kwa kukata mteremko, si kwa kushuka nao, na panda matete ao setaria ukingoni. Wazee wetu walichimba mitaro ya namna hii kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Aliyekosa alitozwa faini ao alifungwa. Kwa hiyo baada ya mwaka 1960 wengi waliiacha ikajaa, na mimi siwalaumu. Lakini mtaro wenyewe haukuwa na kosa.

Na mnajua maji yanaweza kufanya nini. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe toka milima ya Kalehe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Sisemi mitaro ya mashamba ingezuia jambo kama lile. Nasema kwamba mtu anayetazama maji ya kilima chake kila masika anajua mapema njia mpya inapofunguka. Mto ukinguruma na kuleta matope mazito, ao ukipunguka ghafula mvua ingali inanyesha, msingoje kuokoa kuku. Chukueni watoto, mpande pembeni, mbali na njia ya maji. Shimo la machimbo nalo linaanguka kwa sababu hiyohiyo: udongo umelewa maji. Baba aliyekaa nyumbani siku zile hakupoteza kazi.

Kazi nyingine ni dari ya nyumba. Hesabuni pamoja nami. Mvua ya milimeta 1 juu ya meta 1 ya mraba ni litre 1 ya maji. Nyumba ya mabati yenye meta 6 kwa meta 5 ni meta 30 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimeta 30 inaleta litre 900, yaani madumu 45 ya litre 20. Yote hayo yanaangukia pembeni ya nyumba, na mara nyingi yanakimbilia bustani ya mama na kuikata vipande. Wekeni mfereji wa bati ao wa mianzi, mpeleke maji katika pipa. Hapa Goma, mahali ambapo dumu linabebwa toka ziwani ao linanunuliwa, sioni kwa nini mtu aache madumu 45 yaharibu mboga zake.

Shimo la mbolea nalo lifunikwe na majani ya ndizi. Mvua ikilipiga siku 4, utamu wote unashuka chini, na unabaki na takataka tu.

Kisha mbegu. Mvua ya mwezi wa 2 ikiwafungia nyumbani kabla ya kupanda, mwageni maharagi ya mbegu juu ya mkeka, karibu na mlango penye mwanga, na watoto wakae pamoja nanyi, maana macho yao ni makali. Ondoeni punje zenye madoa, zilizokunjamana, zilizotobolewa na fukusi. Punje yenye doa la antraknozi ikipandwa, ugonjwa umepandwa nayo. Zilizobaki zichanganyeni na majivu makavu ya jikoni, zirudi katika chungu kilichofungwa vizuri, juu ya mahali penye joto la moto.

Mwisho zijaribuni. Hesabu punje 20, zifunge katika kitambaa kilicholowa, kiweke ndani ya jani la ndizi karibu na jiko, usiache kikauke. Baada ya siku 7 fungua, hesabu zilizoota. Zikiota 17 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 14 ao 15, tia punje moja zaidi katika kila shimo. Zikiota 10 tu, usizipeleke shambani. Chukua zile ambazo hukuzitia majivu ao zioshe, uzipike, na utafute mbegu nyingine mapema, kabla bei ya soko haijapanda pamoja na mvua.